Kijana kaondolewa kwenye mchujo wa urubani wa jeshi kwa ajili ya mlango wa moyo, na mpira anacheza dakika 90. Tueleweshane

#1 Mzabibu wa Hombolo
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Mtoto wa dada yangu kamaliza kidato cha sita, PCM, akaingia kwenye mchujo wa kusomea urubani wa kijeshi. Mbio alipita. Macho, masikio, meno, damu, vyote safi. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kitu. Walipofika kwenye eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, mpimaji akang'ang'ania sehemu moja muda mrefu, akaita mwenzake, wakaangalia wote. Majibu: mlango wa aorta, ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, una vipande viwili badala ya vitatu. Akaambiwa hana sifa ya kurusha ndege ya jeshi, ila si mgonjwa, aendelee na maisha na awe anapima moyo kila baada ya muda.

Huyu ni winga, na jua la huku mnalijua. Hajawahi kuzimia, hajawahi kubanwa pumzi. Kinachomuuma zaidi ni kwamba amesoma kwenye simu kuwa Marekani wapo marubani wa jeshi wenye mlango wa namna hiyo hiyo na wanaendelea kuruka. Ananiuliza, "Mjomba, moyo wao na wangu tofauti yake nini?" Sina jibu. Mwenye kujua anisaidie, nimpelekee kitu cha kweli.

#2 Mlenda Safi
Pole yake. Mimi nahisi nafasi ilishakuwa na mwenyewe, sababu ikatafutwa.

#3 Nyota ya Kisasa
Mlenda, eko haina mjomba. Picha ikionyesha vipande viwili ni viwili. Tusimjaze kijana kinyongo ambacho hakitamsaidia.

#4 Mwanagenzi
Nasoma udaktari hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), bado mwanafunzi, kwa hiyo waliobobea wanirekebishe.

Moyo una milango minne, yaani valvu. Ya aorta ndiyo inayotoa damu kwenye moyo kwenda mwilini, na kwa kawaida ina vipande vitatu vinavyofunguka na kufunga. Mtu 1 hadi 2 kati ya 100 huzaliwa na viwili, wanaume zaidi kuliko wanawake. Wengi hawajui hadi uzeeni. ECG kutoonyesha kitu si ajabu, kwa sababu ECG inasoma umeme wa moyo, haioni umbo la mlango. Umbo linaonekana kwenye eko.

Shida ya vipande viwili ni mbele ya safari. Mlango huchakaa mapema, ukawa mgumu kufunguka au ukaanza kuvujisha damu kurudi nyuma. Na ukuta wa aorta yenyewe, hapo inapoanzia, kwa baadhi yao hutanuka. Wengi wa wenye vipande viwili huja kuhitaji upasuaji wa valvu au wa aorta siku za baadaye. Kwa hiyo leo si mgonjwa, hilo ni kweli. Aliyemwandikia majibu alikuwa anaangalia miaka 20 ijayo.

#5 Mstaafu wa Mabawa
Mwanagenzi umeeleza vizuri. Mimi niongeze la angani, maana humu wengi wanadhani kurusha ndege ya kivita ni kukaa kwenye kiti.

Ndege ya kivita ikikata kona kali, uzito wa mwili unaongezeka. Tunasema G. Hapo ulipokaa uko kwenye G 1. Ndege za kisasa zinafika G 9, kila kilo yako inakuwa kilo tisa. Damu inakimbilia miguuni na tumboni, kichwa kinabaki kikavu. Mtu aliyelegea, bila kinga, kwenye G 4 hivi macho yanaanza kuona kijivu, kwenye G 5 wengi wanazimika. Ndiyo maana tunavaa suti inayojaa upepo na kubana miguu na tumbo, na tunafundishwa kukaza misuli yote na kubana pumzi kwa vipindi vya sekunde tatu tatu. Ule ukazaji unapandisha presha ya damu kwa nguvu sana, na mzigo wote unaishia kwenye mlango huo huo wa aorta.

Ukizimika, hadi akili itulie na uweze kuongoza ndege tena ni sekunde 20 na kitu. Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, sekunde 20 ni zaidi ya kilomita nne. Na uko peke yako.

#6 Mlenda Safi
Mzee, shikamoo. Ila huyo kijana asipewe kivita, apewe ya mizigo basi. Kwani jeshi zima linaruka G 9?

#7 Mstaafu wa Mabawa
Marahaba. Swali zuri. Mimi mwenyewe miaka mingi niliruka za usafirishaji. Lakini unapomchukua mwanafunzi hujui ataishia wapi. Wote wanaanzia darasa moja, na kwenye ndege ya mafunzo utapindishwa juu chini kabla hujajua utapangiwa nini. Jeshi linataka mtu anayeweza kwenda popote.

#8 Mtani wa Tabora
Mbona kuna yule rubani wa Marekani, Slayton, valvu yake ilikuwa mbovu wakamzuia kwenda anga za juu, baadaye akaenda! Kumbe inawezekana. Kijana asikate tamaa.

#9 Fundi Bawa
@Mtani wa Tabora, Deke Slayton hakuwa na shida ya valvu. Ilikuwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ile ambayo vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kudunda. Alikuwa rubani wa jeshi, akateuliwa mwaka 1959 kwenye kundi la kwanza la wanaanga saba, mwaka 1962 akaondolewa kwenye safari yake, nafasi ikaenda kwa Scott Carpenter. Mwaka 1972 akarudishiwa ruhusa, akapaa Julai 1975 kwenye safari ya pamoja ya Marekani na Urusi ya Kisovieti. Alikuwa na miaka 51.

Ila jambo moja kwenye kisa chake linafanana na la kijana: madaktari wenyewe hawakukubaliana. Wapo waliosema aruke, wapo waliosema hapana, na waliosema hapana wakashinda.

#10 Mtani wa Tabora
Miaka kumi na tatu mtu anasubiri! Nyie Wagogo mngeshaenda kulima zabibu.

#11 Chilonwa Boy
Mtani, zabibu nazo zina subira yake. Wewe kalinde asali yako.

#12 Mama Tatu wa Makole
Naomba niseme la kwetu, labda halihusu ndege lakini linahusu mlango wa moyo. Mdogo wangu wa kike tulikua naye Mpwapwa. Utotoni alikuwa anaumwa koo mara kwa mara, tunampa maji ya chumvi, linapita. Baadaye viungo vikaanza kuvimba, leo goti, kesho kifundo. Tukasema ni baridi. Amekuja kugundulika mjamzito, pumzi hakuna, hawezi kulala chali. Mlango wa kushoto wa moyo ulikuwa umesinyaa. Mungu alisaidia, mama na mtoto walitoka salama, lakini ameishi na dawa tangu hapo. Je, kijana naye si hilo hilo?

#13 Mwanagenzi
Dada pole sana, na asante kwa kuleta hili. Hapana, hayo ni mawili tofauti. La kijana ni la kuzaliwa nalo. La mdogo wako ni homa ya rumatiki: bakteria wa koo anaitwa streptokoka, mwili unapopigana naye unageuka kushambulia viungo na milango ya moyo, hasa ule wa mitrali, ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Mimba ndiyo hulifichua kwa wanawake wengi, maana damu inaongezeka mwilini na mlango uliosinyaa haupitishi.

Huku kwetu ndilo tatizo kubwa la milango ya moyo kwa vijana. Mtoto mwenye koo la streptokoka akipata dawa sahihi mapema, homa hiyo inazuilika. Aliyekwisha kuipata huchomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili isirudi kuharibu zaidi. Wazazi mnaosoma hapa, koo la mtoto lenye homa kali na usaha msilimalizie nyumbani.

#14 Mama Tatu wa Makole
Asante mwanangu. Laiti tungelijua mapema.

#15 Nyota ya Kisasa
Kwa hiyo mwenye mlango wa mitrali uliosinyaa hata ndege ya abiria asahau?

#16 Mwanagenzi
Ikiwa umesinyaa kiasi cha kuonekana kwenye dalili, kurusha ni hatari kweli. Moyo ukienda mbio, mapafu yanajaa maji. Mapigo nayo yakivurugika, damu inaganda ndani ya moyo, donge linaweza kwenda kwenye ubongo. Hayo hayapigi hodi.

#17 Mchunguzi wa Bahi
Nimesoma posti #5 ya mzee kwa heshima zote, lakini hoja ya G nina wasiwasi nayo. Miaka ya 1990 nchi za NATO zililinganisha mioyo ya marubani wa ndege za kivita na ya wenzao wa ndege zisizo na G kubwa, wote wakapimwa eko. Matokeo yalitoka mwaka 1997: hakukuwa na tofauti ya maana, si kwenye milango, si kwenye ukubwa wa vyumba vya moyo. Kama G ingekuwa inaharibu milango, ingeonekana pale.

Mimi naona sababu halisi ni fedha. Kumsomesha rubani wa kivita ni gharama kubwa sana. Aliyekwisha kusomeshwa, akigundulika ana vipande viwili akiwa na miaka 35, unamwangalia kwa huruma kwa sababu umeshawekeza kwake na ana uzoefu. Wa miaka 19 hujatumia hata shilingi, una foleni ya wengine, kwa nini ubebe mzigo? Hiyo ndiyo tofauti ya moyo wa Mmarekani na wa mpwa wako, Mzabibu. Moyo ni ule ule.

#18 Mstaafu wa Mabawa
Mchunguzi, utafiti huo ulipima mioyo ya watu waliokwisha kuchujwa. Waliokuwa na milango mibovu hawakuwemo. Unawezaje kutumia mioyo mizima kuthibitisha kwamba mlango wa vipande viwili hautachakaa haraka chini ya G? Hoja ya fedha siikatai, lakini usiifute ya G kwa ushahidi huo.

#19 Mchunguzi wa Bahi
Mzee, na wewe huna ushahidi kwamba unachakaa. Tumebaki sawa.

#20 Mstaafu wa Mabawa
Hatujabaki sawa. Asiye na uhakika anamwacha kijana chini, hampeleki juu kujaribu.

#21 Fundi Bawa
Kuna kanuni ambayo hamjaigusa. Kwenye usafiri wa anga wa kiraia madaktari walikubaliana kwa miaka mingi kwamba rubani mwenye uwezekano wa kupata tatizo la ghafla usiozidi asilimia 1 kwa mwaka anaweza kuruka, ilimradi kuna rubani wa pili. Hesabu nzima inamtegemea yule wa pili. Ondoa wa pili, kanuni inakuwa haina miguu. Ndege ya kivita ya kiti kimoja haina wa pili.

Na nijibu la Marekani moja kwa moja. Jeshi lao la anga lina kituo cha madaktari, zamani kilikuwa Texas, sasa kiko Ohio, na kesi kama hizi zinapelekwa huko. Rubani aliyekwisha kufuzu, mlango wa vipande viwili usiovuja au unaovuja kidogo, anaweza kupewa ruhusa maalumu na eko ya kila baada ya muda. Uvujaji ukiwa wa kati, anahamishiwa ndege zisizo na G kubwa. Ukiwa mkubwa, anabaki chini. Kwa hiyo alichosoma kijana ni kweli, ila hakusoma masharti yake. Na anayeomba kuanza mafunzo hupimwa kwa jicho kali kuliko aliyekwisha kufuzu.

#22 Mlenda Safi
Fundi umenyoosha. Basi abadilishiwe valvu kabisa aende akiwa mpya!

#23 Mwanagenzi
@Mlenda, usimwambie hivyo kijana. Mlango haubadilishwi mpaka umeharibika. Na ule wa bandia wa chuma unadai vidonge vya kuzuia damu kuganda maisha yote, warifarini, na kupima damu mara kwa mara.

#24 Mstaafu wa Mabawa
Na hapo ndipo jeshi linafunga mlango kabisa. Baada ya zoezi la G kubwa utakuta vidoa vyekundu mikononi na miguuni, vishipa vidogo vimepasuka chini ya ngozi. Kwa mwenye afya vinaisha vyenyewe. Sasa mtu damu yake haigandi vizuri, halafu arushwe nje ya ndege na kiti cha dharura, agonge, uti wa mgongo utikisike, yuko porini, hospitali iko mbali. Hapana.

#25 Chilonwa Boy
Mimi nadhani zama zinabadilika. Ndege zisizo na rubani zinaongozwa kutoka chini, G haipo kabisa. Kijana asubiri tu.

#26 Fundi Bawa
Hata hao wanapimwa afya, ila vigezo ni vingine.

#27 Mlenda Safi
Au awe muongoza ndege pale uwanjani, kule hawaangalii moyo. Uwanja mpya wa Msalato nao unahitaji watu.

#28 Fundi Bawa
Wanaangalia. Waongoza ndege nao wana cheti cha afya, daraja la tatu kwa mfumo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na moyo umo. Marubani wa kibiashara ni daraja la kwanza. Ila mlango wa vipande viwili usio na uvujaji mkubwa haumfungii mtu urubani wa kiraia moja kwa moja. Unaangaliwa kwa vipimo. Amwone daktari wa anga anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kabla hajalipa ada popote. Nasisitiza, kabla hajalipa ada.

#29 Mtani wa Tabora
Ya Msalato nawaachia wenyewe. Mimi ni treni ya SGR tu, Dar naingia nimelala vizuri.

#30 Bibi wa Kondoa
Mmeacha mtoto mmeingia kwenye treni. Mzabibu, wadogo zake na wazazi wamepimwa?

#31 Mzabibu wa Hombolo
Shikamoo bibi. Hawajapimwa. Wana haja?

#32 Mwanagenzi
Bibi kauliza la maana kuliko sisi wote. Mlango huu hutembea kwenye familia. Ndugu wa damu wa karibu, yaani wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja, karibu 1 kati ya 10 hukutwa nao. Kwa hiyo eko kwa dada yako, shemeji yako na wale watoto wengine si anasa. Hapa Dodoma, Benjamin Mkapa wana huduma za moyo, si lazima mfunge safari ya Dar.

#33 Nyota ya Kisasa
Na akienda kung'oa jino ameze antibayotiki kwanza, shangazi yangu aliambiwa hivyo.

#34 Mwanagenzi
Hiyo ilikuwa zamani kwa wote wenye shida ya mlango. Tangu mwaka 2007 mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani umebakiza wale wa hatari kubwa tu, kama mwenye valvu ya kupandikizwa au aliyewahi kupata maambukizi ndani ya moyo. Kwa mwenye vipande viwili pekee, kikubwa ni kutunza meno na fizi, na homa isiyoelezeka ya siku nyingi asiikalie nyumbani. Shangazi yako huenda yuko kwenye kundi la kwanza, kwa hiyo asiache bila kumuuliza daktari wake.

#35 Mzabibu wa Hombolo
Nimerudi na karatasi. Nimesoma na kijana hapa pembeni. Mlango wa vipande viwili, unafunguka vizuri, uvujaji "kidogo sana", aorta inapoanzia sentimita 3.4, nguvu ya moyo kusukuma ya kawaida. Anawashukuru wote, hasa Fundi na mzee.

#36 Mchunguzi wa Bahi
Mnaona? Kwa vipimo hivyo, angekuwa tayari rubani kule Ohio wangempa ruhusa maalumu. Hoja yangu ya fedha imesimama.

#37 Mstaafu wa Mabawa
Au imesimama yangu: uvujaji umeshaanza, naye bado kijana mdogo.

#38 Mwanagenzi
Mzee, uvujaji mdogo sana hata kwenye milango ya kawaida huonekana. Na 3.4 ni ya kawaida. Madaktari huanza kujadili upasuaji ikikaribia 5 na kwenda juu. Mimi naona sababu ni ya tatu, ambayo haimo kwenye hiyo karatasi: hakuna anayeweza kusema mlango huo utakuwaje miaka 15 ijayo, na aliyetia saini ndiye atakayeulizwa.

#39 Mchunguzi wa Bahi
Hofu ya kutia saini nayo ni sababu ya kitabibu?

#40 Mwanagenzi
Kwenye tiba ya anga, ndiyo, kwa kiasi. Ndiyo maana kesi ngumu huamuliwa na jopo, sio mtu mmoja.

#41 Bibi wa Kondoa
Mzabibu, eko hiyo irudiwe na daktari wa moyo mwingine, karatasi zote mbili ziwekwe pamoja. Kijana mwenyewe aulize mambo mawili: arudi kupima baada ya muda gani, na kunyanyua vyuma vizito kunaruhusiwa au hapana. Nawajua vijana, ataenda gym kujipoza hasira.

#42 Mzabibu wa Hombolo
Bibi umemjua bila kumwona, ameshaanza. Nimemwambia asimamishe vyuma hadi tupate jibu, mpira aendelee. Jumatatu nakwenda na dada na watoto wote. @Fundi Bawa, nakufuata inbox kuhusu huyo daktari wa anga.

#43 Fundi Bawa
Karibu. Njoo na karatasi zote mbili, ile ya eko na ya ECG.